Haki ya Njia: Basi la Watu Wengi Lipishwe Mbele



Katika darsa yetu ya kina mama ya kila Jumatano huku Kisauni, yuko mama mmoja ambaye kwa muda mrefu alikuwa hafiki ila darsa imekaribia kumalizika. Huingia kimya, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango, na baada ya dakika chache tukafunga kwa dua. Siku moja nilisema mbele ya wote, pasina kumtaja mtu, kwamba elimu haipatikani kwa kuchelewa. Darsa ilipokwisha alinijia kwa adabu yake, akaniambia: "Sheikh, mimi nashona nguo Mwembe Tayari. Natoka kazini saa kumi kamili, na darsa yaanza saa kumi na nusu. Wallahi, sipiti popote. Ni daraja."

Maneno yale yalinikaa moyoni. Juma lililofuata niliomba ustadhi mwenzangu anishikie darsa, nami nikaenda Mwembe Tayari kupanda matatu kama anavyopanda yeye. Niliingia garini saa 10:05 jioni. Tulisimama Buxton, tukajikokota, tukasimama tena kabla ya Daraja la Nyali. Nilishuka Kisauni saa 11:20. Dakika 75 zilikuwa zimepita kwa mwendo ambao Jumapili alfajiri gari huumaliza kwa robo saa.

Nikiwa dirishani pale darajani, kwa kukosa la kufanya, nilihesabu magari madogo 20 yaliyotuzunguka. Kati yake, 13 yalikuwa na dereva peke yake. Yale mengine saba yalikuwa na watu wawili wawili, pengine watatu. Wote jumla hawakuzidi watu 30, nao wangeenea katika basi moja la viti 33. Lakini magari yao yalikuwa yameifunika barabara yote, mbele yetu na ubavuni mwetu. Sisi tuliokuwa 14 katika matatu, achilia mbali aliyekalishwa juu ya kibao katikati ya viti, tulikuwa tumechukua nafasi ndogo tu, na bado tulingoja sawa na mwenye gari la mtu mmoja.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nilimdhulumu yule mama kwa maneno yangu, na kwamba suala hili la mabasi, ambalo aghalabu twaliacha kwa wahandisi na wanasiasa, ni suala la uadilifu. Nimeona niliandike katika kurasa hizi za familia, kwa sababu dakika zile zinazopotea darajani zakatwa katika muda wa watoto wetu.

Barabara ni ya nani?

Barabara ya mjini ni kama kisima cha mtaa. Maji yake yana kipimo, na kisima hakiongezeki kwa sababu wachotaji wameongezeka. Mtu akija na pipa, mwingine akaja na kata, kisha tukasema kila mtu ana haki ya zamu moja, kwa dhahiri tutakuwa tumefanya usawa, na kwa hakika tutakuwa tumempendelea mwenye pipa.

Wataalamu wa barabara za miji wamekadiria kwamba leni moja ya mjini, ikiachiwa magari madogo, hupitisha watu baina ya 600 na 1,600 kwa saa moja. Leni hiyo hiyo ikitengwa kwa mabasi peke yake, yakawa yanapita mfululizo, hupitisha watu baina ya 4,000 na 8,000. Upana wa lami haukuongezeka hata dhiraa moja. Kilichobadilika ni nani amepewa nafasi ya kupita.

Fikra hii si mpya. Mji wa Curitiba nchini Brazili, ambao haukuwa na fedha za kuchimba reli ya chini ya ardhi, ulianza kutenga njia za mabasi katika barabara zake kuu mwaka 1974, meya wake akiwa msanifu majengo aitwaye Jaime Lerner. Mwishoni mwa mwaka 2000 mji wa Bogotá, Kolombia, ulifuata mkondo huo kwa kiwango kikubwa zaidi. Miji mingi ya Asia na Afrika ilikwenda kutazama, ikarudi na mafunzo. Na mmoja wa miji hiyo ni jirani yetu na ndugu yetu, mji ambao nusu ya koo za Mombasa zina jamaa huko: Dar es Salaam.

Niliyoyaona Dar es Salaam

Kwa wengi wetu, safari ya Dar ni safari ya harusi au ya tanzia. Mimi nilikwenda kwa harusi ya mpwa wangu anayekaa Kimara, mwaka 2017. Miaka ya nyuma nilikuwa nimewahi kuteremka mjini kutoka Kimara kwa daladala. Tulitoka baada ya sala ya Alfajiri, na tulipofika mjini jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Watu wa huko wakiizungumzia Barabara ya Morogoro ya siku hizo hutaja saa mbili na zaidi kama jambo la kawaida.

Safari hii mwenyeji wangu aliniambia, "Ami, leo twapanda mwendokasi." Jina rasmi ni Mabasi Yaendayo Haraka, na wakala wa serikali unaoyasimamia, DART, uliundwa mwaka 2007. Ujenzi wa awamu ya kwanza ulianza mwaka 2012 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016. Njia hiyo ina urefu wa kilomita 20.9, vituo 27 na vituo vikuu vitano: Kimara, Ubungo, Morocco, Gerezani pale Kariakoo, na Kivukoni ufukweni.

Nitaeleza namna inavyofanya kazi, maana kila kipande kina hekima yake.

Kwanza, njia ya mabasi imewekwa katikati ya barabara, haikuwekwa pembeni. Sababu yake aijua kila anayeishi Mombasa: pembeni mwa barabara ndiko kunakosimama teksi, tuktuk, mikokoteni, wauza madafu na gari la mtu aliyesema "dakika moja tu." Njia iliyo katikati, yenye ukingo, haiingiliki kwa wepesi.

Pili, nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda. Wakati huo safari ya njia kuu ilikuwa shilingi 650 za Tanzania, na mwanafunzi alilipa 200. Basi likifika, hakuna wa kukusanya nauli mlangoni, hakuna kugombania chenji, wala dereva hangoji gari lijae.

Tatu, jukwaa la kituo liko sawa na sakafu ya basi. Jambo hili laonekana dogo kwa kijana. Lakini nilimwona ajuza mmoja, umri wa mama yangu mzazi, akivuka kutoka jukwaani kuingia ndani bila ya kuinua goti wala kushikwa mkono na mtu. Mama mwenye mimba, mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi, mtu wa kiti cha magurudumu, wote huingia kwa heshima yao. Nilikumbuka ngazi za matatu zetu, na namna bibi zetu wanavyovutwa juu kama magunia na manamba huku akipiga bati kumwashiria dereva aondoke.

Nne, vituoni pana nafasi ya basi moja kulipita jingine, ili basi la safari ndefu lisifungwe na lile linalosimama kila kituo.

Tulifika Kivukoni kwa muda usiofika saa moja. Na hapo Kivukoni, mbele ya kituo, ndipo palipo na pantoni ya kwenda Kigamboni. Nilisimama nikatazama watu wanateremka basi na kuingia kivukoni kwa miguu, nikaikumbuka Likoni yetu. Bahari ni ile ile, watu ni wale wale, tena lugha ni moja.

Mji ule ulipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, ukawa mji wa kwanza wa Afrika kuipata tuzo hiyo.

Ufa ulipoingia

Nikiishia hapo nitakuwa sikutenda haki, kwa kuwa mwanadamu hujifunza kwa mazuri ya jirani na kwa makosa yake pia.

Mpango wa awamu ya kwanza ulihitaji mabasi 305. Huduma ilianza na mabasi 140. Mwaka 2018 yaliletwa mengine 70, lakini yakakwama bandarini kwa muda mrefu kwa mvutano wa ushuru, ilhali abiria wamejazana vituoni. Barabara nzuri ilikuwepo, na watu walikuwepo. Kilichopungua ni mabasi. Tena karakana kuu ya mabasi ilijengwa Jangwani, bondeni mwa Mto Msimbazi, na mvua za masika zilipokuja maji yakaingia karakanani, si mwaka mmoja tu. Kuna siku huduma ilisimama kwa sababu hiyo.

Matokeo yake, magazeti ya huko yaliandika mara kwa mara habari za misururu mirefu, watu kusukumana milangoni, na wengine kuingia kwa madirishani. Anayeumia zaidi katika msukumano huo ni mwanamke, mtoto na mzee, maana kijana mwenye nguvu hupata nafasi yake. Yaani wale ambao jukwaa lile la usawa lilijengwa kwa ajili yao, ndio waliorudishwa nyuma ya mstari.

Fundisho ni bayana. Kuitenga njia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mabasi ya kutosha, karakana mahali pakavu, hesabu safi za nauli, na mtu wa kuulizwa mambo yakiharibika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Hata hivyo, sijasikia mkaazi wa Kimara akiomba njia ile ivunjwe warudi kwenye foleni ya zamani. Wanachodai ni mabasi zaidi. Na serikali yao imeendelea na awamu nyingine, ya pili ikielekea Mbagala kwa Barabara ya Kilwa, katika mpango wa awamu sita.

Hapa kwetu Kenya tumeonja kosa la aina nyingine. Mapema mwaka 2019 barabara kuu ya Thika jijini Nairobi ilichorwa mistari myekundu kuonyesha leni ya mabasi ya haraka. Rangi ilikauka, lakini mabasi yaliyoahidiwa hayakuja, na magari ya kila aina yakaendelea kupita juu ya mistari ile hata ikafifia. Dar walikuwa na njia, wakapungukiwa na mabasi. Sisi tulikuwa na rangi tu.

Mwanamke ndani ya basi

Kina mama wengi waliposikia nimeanza kulisema jambo hili katika darsa, waliniuliza swali moja: "Sheikh, na msongamano wa wanaume na wanawake ndani ya hayo mabasi makubwa?" Ni swali la haki. Mwanamke yeyote aliyewahi kupanda matatu saa za jioni ana kisa chake, na wengi hawakisimulii hata nyumbani. Kuna waliobanwa makusudi, kuna waliotukanwa na manamba kwa kuuliza chenji, na kuna waliokatiza masomo ya jioni kwa kuogopa safari ya kurudi.

Mji wa Jakarta nchini Indonesia, wenye mamilioni ya Waislamu, ulianzisha mabasi yake ya njia maalumu Januari 2004, na leo mtandao wake wa njia hizo ni miongoni mwa mirefu zaidi ulimwenguni. Malalamiko ya wanawake yalipozidi, sehemu ya mbele ya basi ilitengwa kwa wanawake, pakawekwa mhudumu wa kusimamia utaratibu. Mwaka 2016 wakaongeza mabasi ya rangi ya waridi ambayo ni ya wanawake watupu. Hawakusema mwanamke akae nyumbani hadi wanaume watakapopata adabu. Waliupanga usafiri kwa namna ambayo stara yake inalindwa naye akiwa njiani kwenda kazini, chuoni na hospitali.

Nalitaja hili kwa sababu mambo kama haya huwekwa mwanzoni, wakati wa kupanga. Taa za kituoni, mahali pa kusubiri panapoonekana na watu, kivuko salama cha kumfikisha abiria kituoni, sehemu ya wanawake ndani ya basi: yote haya ni rahisi kuyaomba kabla ya saruji kumwagwa, na ni magumu baada ya hapo. Kina mama msipokuwepo katika kikao, basi litapangwa na watu wasiolipanda.

Na wenye matatu je?

Kuna walio na hofu kwa upande mwingine, nao ni ndugu zetu na wana wetu. Dereva wa matatu ana watoto. Manamba ana mama anayemtumia fedha kila jioni. Mwenye gari amekopa benki. Ukimwambia mabasi makubwa yanakuja, yeye husikia kwamba riziki yake inaondoka.

Nchini Nigeria, mji wa Lagos ulipofungua njia yake ya mabasi mwezi Machi 2008, kutoka Mile 12 hadi kisiwani, kilomita zipatazo 22, ulifanya jambo la busara. Chama kile kile cha madereva ambacho kingeweza kuipinga njia hiyo kilipewa nafasi ya kuyaendesha mabasi mapya kupitia ushirika wao. Lagos haikujenga kwa gharama kubwa kama miji mingine, nayo ilianza kwa yale yaliyowezekana.

Sisi tunazo sacco za matatu tayari. Tangu sheria za mwaka 2004 zilizoleta mkanda wa usalama, kidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano, wenye matatu wamekuwa wakijipanga upya kila serikali ilipotaka. Hawashindwi na hili. Matatu mbili na kidogo za abiria 14 ni basi moja la abiria 33. Sacco ikisaidiwa kwa mkopo wa masharti nafuu ili ibadilishe magari yake madogo kuwa mabasi, na madereva wake wakalipwa mshahara wa mwezi badala ya kukimbizana na hesabu ya tajiri, tutakuwa tumelinda riziki na tumeondoa mbio za barabarani kwa wakati mmoja.

Mombasa yetu

Mombasa ni kisiwa, na kisiwa huingiliwa kwa milango michache. Mlango wa kaskazini ni Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980. Upande wa bara kuna Makupa na Kipevu. Kusini kuna kivuko cha Likoni. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilitupata tukiwa watu 1,208,333 katika kaunti nzima, na kila asubuhi sehemu kubwa ya umma huo hutaka kuingia kisiwani kwa milango hiyo, kisha jioni hutaka kutoka.

Hatuwezi kuipanua Mji wa Kale, wala sitaki mtu aiguse. Lakini barabara kuu zinazoelekea kwenye milango hiyo zaweza kupangwa upya: Jomo Kenyatta kutoka Makupa hadi Mwembe Tayari, Digo na Nyerere kuelekea Likoni, na njia ya Buxton hadi darajani na kuendelea Kongowea. Si lazima tuanze kwa mabilioni. Twaweza kuanza na sehemu moja fupi, ile inayoelekea Daraja la Nyali, kwa saa za asubuhi na za jioni peke yake. Leni moja iachiwe mabasi makubwa na magari ya wagonjwa, ijengewe ukingo, na askari wa trafiki wawepo kila siku, isiwe siku ya uzinduzi tu. Mabasi yawe yamekwisha kununuliwa kabla ya rangi kupakwa. Baada ya miezi sita tupime kwa saa mkononi, kama nilivyopima mimi, tuone yule mshonaji wa Mwembe Tayari anafika nyumbani saa ngapi.

Najua mwenye gari atasema: "Sheikh, gari langu nimelinunua kwa jasho langu, na ushuru nalipa. Mkininyima leni moja, mimi ndiye nitakayekwama zaidi." Sitamdanganya. Siku za mwanzo huenda akakwama zaidi. Leni ikitengwa kisha mabasi yakawa machache, atakuwa na haki ya kulalamika, nami nitalalamika pamoja naye. Lakini mabasi yakiwa mengi, safi na ya saa maalumu, wako wenye magari watakaoyaacha nyumbani kwa hiari yao, kwa kuwa mafuta ni ghali na maegesho hakuna. Kila mmoja wao akipanda basi, atakuwa amemwachia nafasi yule ambaye hana budi kuendesha. Hakuna anayenyang'anywa gari lake. Anachoombwa ni kumpisha aliyebeba watu 33.

Isitoshe, kanuni hii tayari tunaikubali Likoni. Pale kivukoni mwenye gari hulipa, na mwenda kwa miguu huvuka bure. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mwenda kwa miguu amependelewa, kwa sababu twajua kwamba kivuko kipo kwanza kwa ajili ya watu.

Tuanze milangoni petu

Kabla hatujaiandikia barua serikali ya kaunti, kuna la kujiambia sisi wenyewe, na nitaanza na msikiti.

Siku ya Ijumaa, saa saba mchana, tazama barabara mbele ya misikiti yetu mikubwa. Magari yamepangwa mistari miwili, mengine yameziba kituo cha matatu. Mwenye gari amekwenda kusikiliza khutba akiwa na udhu wake, na nyuma yake amewaacha abiria 14 juani, pengine mmoja wao ni mgonjwa anayepelekwa hospitali. Dini yetu imetufundisha kwamba njia ina haki zake, na kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka. Basi itakuwaje udhia huo tuuweke sisi, kwa ajili ya ibada? Harusi zetu nazo ni hivyo hivyo: msafara wa magari hupunguza mwendo barabara nzima kwa ajili ya picha, na hema hupigwa njiani bila ya kuwaachia watu pa kupita.

Nawaomba maimamu wenzangu walitaje jambo hili mimbarini, na kamati za misikiti ziweke vijana wawili wa kuelekeza magari kila Ijumaa. Tukishindwa kuacha wazi leni moja kwa saa moja ya ibada, hatutakuwa na uso wa kumtaka mwingine aiache wazi kwa saa nne za kazi.

La pili ni vikao vya kutoa maoni. Katiba ya mwaka 2010 imewapa wananchi haki ya kushirikishwa, na kaunti huita watu watoe maoni kuhusu mipango na bajeti. Aghalabu vikao hivyo huwa na wanaume, tena wachache. Kina mama, nendeni. Kama hamwezi kwenda wote, vikundi vyenu vya kuweka akiba vichague watu watatu. Msiende na hotuba. Nendeni na daftari. Kwa wiki mbili kila mmoja aandike saa aliyopanda gari, saa aliyoshuka na nauli aliyotozwa, na kama mvua ilinyesha aandike ilipanda kwa kiasi gani. Daftari la kina mama 20 lina uzito kuliko makelele ya watu 200, kwa kuwa ofisa hawezi kulijibu kwa mzaha.

La tatu ni watoto. Tuwafundishe kumpisha mzee kiti, kupanga mstari na kutotupa takataka dirishani. Basi jipya likipandwa na watu wa tabia zile zile za zamani, litachakaa kabla ya mkopo wake kulipwa.

Mwisho, narudi kwa yule mama. Darsa yetu tumeisogeza mbele. Sasa yaanza saa kumi na moja na nusu, na inakwisha kabla ya Magharibi. Huingia na wenzake, akaketi mbele, na nimegundua kwamba ni miongoni mwa wanaouliza maswali mazuri. Hilo lilikuwa katika uwezo wangu, nikalifanya, nami nilimwomba radhi mbele ya wale wale niliowasemesha siku ile. Lakini amenieleza kwamba mwanawe mdogo, wa miaka minne, bado humkuta kwa jirani akiwa amelala siku zote nyingine ambazo daraja limefunga zaidi, na humbeba nyumbani bila ya kusemezana naye neno hadi kesho yake asubuhi. Saa ya darsa naweza kuisogeza. Saa ya mtoto kulala siwezi, wala yeye hawezi. Hilo liko mikononi mwa wanaopanga barabara, na mwetu sisi tunaotakiwa kuwakumbusha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuongoze katika kheri, aziweke salama safari zetu, na awajaalie viongozi wetu insafu. Wabillahi tawfiq.